Maji ya Kupigia Picha

Ukitaka kumtia Muhidini wazimu, mwambie picha yake si mbaya. Si mbaya! Atakushika mkono, akupeleke dirishani kwenye mwanga, akuulize ni wapi hasa ulipoutafuta ubaya ukaukosa. Watu wa Manundu, pale Korogwe, walishamzoea. Walisema ana mdomo, wakamcheka, na harusi ikifika walimfuata yeye yeye, maana kutoka Korogwe mpaka Handeni hapakuwa na mwingine aliyejua kumpiga picha bibi harusi mweusi mwenye nguo nyeupe bila uso wake kupotea.

Basi mwaka ule wa sabini na nne kila kitu kiliadimika. Sukari hakuna, sabuni hakuna, filamu ndiyo usiulize. Muhidini alishinda studio akipangusa lenzi isiyo na vumbi, na wateja wa picha za kitambulisho akiwafokea kana kwamba wao ndio waliozificha. Siku Bwana Yordani, meneja wa Hoteli Mwangaza, alipoingia na kuweka boksi zima la filamu juu ya meza, Muhidini alimeza mate.

"Shirika la hoteli linataka kitabu cha picha," Yordani alisema. Alivaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi mpaka inakata. "Wageni wote wa Lushoto wanapita hapa. Wanashuka Mombo, wanakula kuku wao, wanapanda mlima. Sisi wanatuona kwa dirisha la basi. Nataka wakikiona hicho kitabu washuke hapa walale. Vyumba, ukumbi wa chakula, bustani, bafu. Filamu zitakazobaki ni zako."

"Lini?"

"Kesho."

Hakuuliza lingine. Na alikuwa na la kuuliza, tena tele, ndiyo maana hadithi hii inaniudhi kila ninapoisimulia.

Hoteli aliijua vizuri. Ilijengwa na Mgiriki wa mkonge, ghorofa moja, baraza pana, paa la zege na tangi la maji juu yake. Serikali ilipoitaifisha watu walicheza ngoma barabarani, na Muhidini mwenyewe aliwapiga picha. Zaidi ya hayo, mdogo wake wa tumbo moja, Chausiku, alikuwa mhudumu wa vyumba humo. Chausiku alikuwa mjane mwenye watoto wawili, na chumba walichokaa kilikuwa cha hoteli, nyuma ya jiko. Kazi ikienda, na chumba kinakwenda. Wenzake walimchagua katibu wa kamati ya wafanyakazi kwa sababu alikuwa na mwandiko mzuri na hakuwa mtu wa kutishika.

Huyo Chausiku alishamwambia kaka yake kila kitu. Kwamba pampu ya kupandisha maji kwenye tangi ilikufa tangu Januari, na Yordani akaandika kwenye ripoti yake kwamba imeshatengenezwa. Kwamba maji ya kuogea wageni, ya kufulia na ya vyoo, wanawake wa vyumba wanayateka mtoni na madebe kichwani. Kwamba mwezi wa tatu mamba alimdaka mguu mwenzao Rosina, na wasingempiga yule mnyama kwa madebe mpaka akaachia, angeondoka naye. Kwamba kamati imeandika barua Dar es Salaam, makao makuu, kuomba pampu, na barua ameiandika yeye kwa mkono wake. Yote hayo Muhidini aliyasikia kwa sikio moja. Siku ile alikuwa anatafuta nati ya stendi ya kamera iliyoangukia chini ya kabati.

Kesho yake alifika hotelini saa moja asubuhi, kamera shingoni, stendi ya miguu mitatu begani, na akaanza kuonja taabu ya kupiga picha za hoteli. Wewe unadhani ni kusimama mlangoni ukabonyeza? Jaribu. Chumba ni kidogo, lenzi haioni zaidi ya kitanda na nusu ya kabati, kwa hiyo Muhidini alisimama nje ya dirisha juu ya ngazi, akachungulia ndani kama mwizi. Dirisha la upande wa pili linawaka jeupe na kitanda kinakuwa cheusi. Aliwaambia wahudumu wafunike lile dirisha kwa blanketi kutokea nje, kisha Rosina asimame pembeni ameinua shuka jeupe, mwanga uligonge urudi kitandani. Magodoro yalikuwa yamebonyea katikati, wakayajaza maboksi kwa chini. Mashuka mazima yalikuwa jozi moja tu. Chausiku aliyatandika chumba namba mbili, yakapigwa picha, akayatandua, akayatandika chumba namba nne, halafu sita, halafu tisa, kila mahali akikunja pindo kwa namna yake ya kuficha mshono. Muhidini alifurahi sana. Alisema mdogo wake ana mkono wa dhahabu.

"Mama, shuka linatikisika," alimwambia Rosina. "Simama sawa."

"Nimesimama, baba."

"Hujasimama! Mwanga unacheza!"

Rosina alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Ule mwingine ulikuwa haujakubali kubeba mtu. Muhidini aliuona, wallahi aliuona, akarudisha jicho kwenye kamera.

Mchana ikafika zamu ya bafu la chumba namba nne, bafu pekee lenye vigae visivyopasuka. Yordani alitaka picha ya bomba likitoa maji. "Hiyo ndiyo picha ya kitabu," alisema. "Mgeni akitoka safari na vumbi lake, anataka kuona maji." Muhidini akasema sawa, maji yako wapi? Yordani akatabasamu, akatoka, akapiga makofi kuwaita wanawake.

Madebe ishirini yalipandishwa kutoka mtoni mpaka juu ya paa na kumiminwa kwenye tangi. Wanawake sita, kata za kanga kichwani, ngazi ya chuma iliyosimama wima. Bomba lilipofunguliwa lilikohoa, likatema maji mekundu ya kutu. Muhidini akapiga kelele kwamba maji hayo hayafai, yaacheni yatiririke mpaka yawe meupe. Yalipokuwa meupe yalikuwa yamekwisha.

"Leteni mengine," alisema.

Wakaleta mengine ishirini. Safari hii yalitoka safi, naye akapiga picha mbili, tatu, kisha akaona kwenye kioo cha ukutani kiwiko chake mwenyewe kimetokeza kama cha mtu aliyejificha. Kioo ni adui mkubwa wa mpiga picha wa hoteli. Ukihama kulia kinakuonyesha sikio, ukihama kushoto kinaonyesha stendi. Akaung'oa mlango kwenye bawaba, akarudi nyuma mpaka kwenye ujia, akapiga magoti, akapata pembe. Alipoinua mkono wafungulie, bomba likatoa pumzi tupu.

Hapo akapandwa na mori. Akatoka mpaka kwenye ngazi, akapaza sauti wamsikie mpaka mtoni. "Jua linaondoka dirishani! Mnatembea kama mko matangani! Wazembe nyie, leteni maji!"

Chausiku ndiye aliyekuwa mbele, debe kichwani, maji yanamchuruzika shingoni. Alisimama kwenye kipandio cha katikati akamtazama. "Kaka," alisema, "wewe si wa Handeni?"

Muhidini akarudi kwenye kamera. Naye alikuwa wa Handeni kweli, wote wawili walizaliwa huko, na mama yao alitoka nyumbani jogoo wa kwanza kwenda kuteka maji ya lambo, akarudi jua limepanda na maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa. Pengine ndiyo sababu. Mtoto aliyekua hivyo, ukimpa bomba la fedha likimwaga maji kwenye sinki jeupe, anaweza kusahau maji yale yametoka wapi. Alichotaka Muhidini saa ile ni kuyapata yale maji yakiwa yanang'aa, kila uzi wake uonekane. Akayapata, kwa madebe ishirini ya tatu.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kuzipiga. Alipoiona inatokea kwenye chumba cha giza, ndani ya trei ya dawa, alipiga mluzi. Nyuma ya kila picha aligonga muhuri wa studio, PICHA HALISI, akatia sahihi, akampelekea Yordani. Filamu zilizobaki akazifungia kabatini. Kwa wiki tatu alikuwa mtu wa tabasamu, mpaka jirani wakauliza kama anaumwa.

Kisha Ijumaa moja, ametoka msikitini, akamkuta Chausiku amekaa kwenye kiti cha wateja pale studio. Hakuvua hata kanga ya kichwani. Alimpa karatasi.

Ilikuwa barua ya kusimamishwa kazi. Ilisema Chausiku, katibu wa kamati, amelizushia shirika uongo kwamba Hoteli Mwangaza haina pampu wala maji, na hivyo kuhujumu mali ya umma. Ilisema uongo huo umethibitika kwa ushahidi wa picha. Mkaguzi kutoka makao makuu atafika Jumatano kusikiliza shauri, na akimkuta na hatia atatia sahihi afukuzwe na kukihama chumba siku hiyo hiyo.

Muhidini aliisoma mara mbili. "Ushahidi wa picha," alisema. "Picha gani?"

"Unaniuliza mimi?"

"Chausiku, mimi nilipiga picha za kitabu!"

"Kitabu gani? Umekiona?" Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo lilimuuma zaidi kuliko kelele. "Tuliandika hakuna maji, wewe ukawapelekea maji. Yanang'aa, kaka. Nimeonyeshwa. Hata mimi niliyeyabeba niliyatamani."

Aliondoka. Muhidini akabaki peke yake na hasira isiyo na pa kwenda. Alimtukana Yordani matusi ya Kiswahili na ya Kizigua, akaona hayatoshi. Akaanza kujitukana mwenyewe, na hayo yalimkaa vizuri zaidi. Mpumbavu! Kuvishwa kilemba cha ukoka kwa boksi la filamu! Wakubwa walikuwa wanafichwa machozi ya wanawake, naye akakodiwa kuyafuta, akayafuta kwa ufundi, akagonga na muhuri. Kwamba hakujua? Alijua pampu imekufa. Aliwaona wanapanda ile ngazi. Alichokataa ni kufikiri, na mtu anayekataa kufikiri akija kuniambia hakujua mimi simsikilizi.

Jumatatu Yordani akaja mwenyewe, amejaa bashasha. "Shirika limezipenda mno picha zako. Wana hoteli nyingine, Tanga, Arusha, zote watakupa wewe. Ila Jumatano uje, utuambie tu kwamba picha ni zako. Dada yako nitamtafutia kazi mahali pengine, usihofu."

"Nitakuja," Muhidini alisema. Akafunga mdomo hapo, na watu waliomjua wangejua hiyo si dalili njema.

Jumatano wafanyakazi walikusanyika ukumbi wa chakula saa nne asubuhi. Mkaguzi, Ndugu Habakuki, alikuwa mtu mzima mwenye miwani minene na viatu vilivyong'aa, sura ya mwalimu mkuu. Hakuwa mtu mbaya, nikisema kweli. Alikuwa mtu wa karatasi. Mbele yake alipanga barua ya kamati upande mmoja na picha upande wa pili, na ile ya bomba aliiweka katikati. Chausiku alisimamishwa mbele kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Shikamoo, mzee," Muhidini alisema alipoitwa.

"Marahaba. Picha hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Maji haya ni ya kweli?"

"Maji ni ya kweli. Yametoka mtoni, yamebebwa kichwani na huyu hapa na wenzake watano, yakamiminwa kwenye tangi ili mimi nipige picha. Madebe sitini. Pampu imekufa tangu Januari."

Ukumbi ukaguna. Yordani hakutikisika. "Ndugu mkaguzi, huyu ni kaka yake wa tumbo moja. Ulitegemea aseme nini?"

Habakuki akaigeuza picha, akaweka kidole kwenye muhuri. "Hapa pameandikwa picha halisi. Sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Basi ama ulidanganya siku ile, ama unadanganya leo."

"Siku ile!" Muhidini alisema, na sauti ikaanza kumtoka. "Siku ile nilikuwa mjinga na leo nina hasira! Kwani pana taabu gani? Bafu liko hapo juu. Twende tukafungue bomba!"

Alitegemea Yordani ashtuke. Yordani alisimama wa kwanza, akamwonyesha mkaguzi njia. Hapo ndipo Muhidini alipopaswa kunusa kitu, lakini hasira ilikuwa imemziba pua.

Walijazana kwenye ujia wa chumba namba nne. Habakuki akafungua bomba mwenyewe. Maji yakatoka, safi, yenye nguvu. Habakuki akanyoosha mkono kufunga na Muhidini akamwahi.

"Liache, mzee. Tafadhali. Mimi nayajua maji haya. Madebe ishirini hayamalizi picha nne. Liache wazi, utaona."

Wakasubiri. Bomba likaendelea. Sinki likanguruma, maji yakazunguka, yakaingia shimoni. Muhidini alihesabu kimoyomoyo, picha ya kwanza, ya pili, ya nne, ya sita. Maji yanatoka. Habakuki akatazama saa yake. Picha ya kumi, ya kumi na tano. Jasho likaanza kumtoka Muhidini kwenye paji la uso, na mtu mmoja nyuma akacheka kwa pua.

"Naona inatosha," Yordani alisema kwa upole, upole wa kukata maini. "Haya ni maji ya umma, tunayamwaga."

Habakuki akatoa kalamu. Barua ya kumfukuza Chausiku alikuwa nayo ndani ya jalada, akaifungua juu ya kabati la bafuni, akaitafuta nafasi ya sahihi.

Chausiku ndiye aliyezungumza. Alikuwa hatazami bomba wala kalamu, alikuwa anatazama nyuso za watu waliojazana mlangoni. "Rosina yuko wapi?" aliuliza. "Hajira yuko wapi? Wahudumu wa vyumba hapa simwoni hata mmoja."

"Wamepewa ruhusa," Yordani alisema, upesi mno.

Chausiku akaweka sikio kwenye bomba la ukutani, lile linaloshuka kutoka darini. Akasikia kitu kikigonga juu. Kisha akawasukuma watu, akakimbia kuelekea kwenye ngazi ya chuma. Muhidini alimkamata mkaguzi mkono wa koti, bila heshima, bila kuomba radhi, akamkokota nyuma yake.

Juu ya paa jua lilikuwa kali. Rosina alikuwa amesimama kwenye benchi kando ya tangi, amelowa kuanzia kichwani mpaka miguuni, anapokea debe kutoka kwa Hajira, anamimina, anarudisha debe tupu. Chini ya Hajira alikuwapo mwingine kwenye ngazi ya nyuma, na chini ya huyo mwingine, na njia ya kwenda mtoni ilikuwa imelowa yote. Kifuniko cha tangi kiligonga kila alipomimina. Aliwaona wakubwa wametokea, akawatazama, akapokea debe lingine, akamimina.

"Acha, dada," Chausiku alisema.

"Tumeambiwa maji yakikatika tuhame nyumba." Rosina alikuwa anahema. "Tumeanza alfajiri. Nisamehe, Chausiku. Najua wanakuhukumu wewe huko chini. Nina watoto."

Chausiku akapanda benchi, akalipokea debe kutoka mikononi mwake, akaliweka chini. Hakumlaumu. Alimshika kiuno amshushe, maana ule mguu ulikuwa unatetemeka wenyewe.

Habakuki alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Maji yaliyomwagika yalikuwa yanamwingia viatuni. Alitazama tangi, akatazama wale wanawake, akatazama mto kule chini baina ya miti. Kisha akamgeukia Muhidini, na nakuapia alisema maneno haya.

"Mpiga picha. Piga hii. Nahitaji ushahidi."

Loo! Muhidini alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Kamera ilikuwa shingoni, filamu ilikuwa ndani, filamu ya boksi lile lile. Mwanga ulikuwa mzuri kupita kiasi. Akaivua kamera akaiweka kwenye zege.

"Ushahidi?" alisema. "Macho yako yana nini, mzee? Umesimama hapa, maji yamekulowesha soksi, mwanamke anatetemeka mbele yako, na bado unataka picha? Waliandika barua, hukuamini. Nimesema kwa mdomo wangu, hukuamini. Karatasi yangu ya uongo ndiyo uliyoiamini! Leo sipigi. Ng'o! Ukitaka ushahidi, chukua hilo debe, shuka nalo mtoni, ulijaze, upande nalo ngazi hii. Halafu uandike ulichokiona."

Yordani alikuwa ametokea kwenye ngazi. "We Muhidini, unajua unaongea na nani?"

"Wewe nyamaza!" Alikuwa Habakuki aliyesema hivyo, si Muhidini. Kisha yule mzee, na koti lake, akainama akalishika debe tupu kwa mpini wa waya.

Rosina alimtazama kwa wasiwasi. "Baba, ukifika mtoni usiinamie mara moja," alimwambia, kwa sauti ile ile ambayo angemwelekeza mgeni choo kilipo. "Piga maji kwanza kwa debe. Piga mara tatu, usubiri. Ukiona yametulia ndiyo uteke, na usiingie zaidi ya vifundo vya miguu. Mimi niliingia mpaka magotini."

Habakuki alisimama na lile debe mkononi. Alikuwa amelisoma jambo hilo kwenye barua ya kamati, mstari wa nne, akalipigia alama ya kuuliza pembeni. Akautazama mguu. Kanga iliyolowa ilikuwa imeganda juu yake, na umbo lake lilionekana lote, pale nyama ilipokosekana.

Akaliweka debe chini taratibu. Akaitoa barua ya kumfukuza Chausiku ndani ya jalada, akaichana mara mbili, vipande akavitia mfukoni mwa koti. "Bwana Yordani," alisema, "nenda ofisini kwako, unisubiri. Usiguse faili lolote." Akamgeukia Chausiku, akashindwa kumtazama usoni. "Pampu italetwa. Nitaiandikia leo. Inaweza kuchukua wiki sita, saba."

"Ahsante, mzee," Chausiku alisema.

Chini kwenye chumba namba nne lile bomba lilikuwa bado wazi, na sasa likasikika likikohoa, likanyamaza. Halafu kengele ya chumba namba saba ikalia. Mle mlikuwa na mgeni, bwana shamba aliyekuwa njiani kwenda Dindira, na alikuwa anataka maji ya kuoga.

Wanawake wakatazamana. Chausiku akaifunga upya kata yake kichwani, akaokota debe, akaanza kushuka. Muhidini akaliokota lile la mkaguzi, akamfuata.